Bi Simu na Ndege wa Uani Kwake

Kwa miaka mingi, mtu aliyepiga simu kiwanda cha nguo alipokewa na sauti ileile moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na papara, na hata aliyepiga akiwa amefura kwa hasira alijikuta ameshusha pumzi kabla hajaunganishwa na meneja. Jina lake halisi walilijua wachache. Wengine wote walimwita Bi Simu. Sokoni watu walimpita bila kumtambua mpaka afungue mdomo kuuliza bei ya vitunguu, na hapo mtu wa pembeni angegeuka: "Kumbe ndiye wewe!"

Mumewe alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mwanzo wa kichochoro, nyumba yao ilikuwa mwisho wake, na kazi yake, kama ya mkewe, ilitegemea mdomo. Kunyolewa, mtu anaweza kunyolewa popote. Kwa Kinyozi watu walifuata soga. Jioni, wawili hao walipokutana jikoni, kila mmoja alikuwa amejaa habari za mchana kutwa, wakawa wanapokezana mpaka chakula kinapoa. Majirani walisema nyumba ile hata paka wake anajua kupiga domo.

Kisha ikaja homa. Ilimlaza Bi Simu hospitalini, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio yake. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na mvumo tu, kama redio iliyopoteza stesheni. Daktari alieleza habari za mishipa, akaziandika kwenye karatasi kwa sababu mgonjwa hakumsikia, na Kinyozi, aliyesimama nyuma ya kiti, akaona mabega ya mkewe yakishuka taratibu.

Balaa halikuishia hapo. Daktari alisema kuwa ndani ya sikio ndiko unakokaa pia ule uwezo wa mtu kusimama bila kuyumba, nao ulikuwa umeharibika. Bi Simu akigeuza kichwa ghafla, dunia ilizunguka. Akitazama juu, miguu ilimsaliti. Siku moja aliinua macho kuangalia saa ya ukutani, akajikuta ameketi sakafuni na sufuria mkononi. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali akamfundisha zoezi: anyooshe mkono, akazie macho dole gumba lake, kisha ageuze kichwa kushoto na kulia bila kuliacha dole lile. Afanye hivyo kila siku, na mwili utajifunza upya.

Bi Simu alijaribu siku chache, akaacha.

"Siwezi kushinda nikitazama dole langu kama mtoto mchanga," alisema.

"Mama, hiyo ndiyo dawa," Kinyozi alimwambia. Alikuwa amejifunza kusimama mbele yake kwenye mwanga na kutamka polepole ili asome midomo.

"Kama ni dawa, inywe wewe."

Kiwanda kikamstaafisha kwa heshima zote. Wenzake walikuja kumwona, wakaketi sebuleni wakizungumza na kucheka, na Bi Simu akatabasamu pale pasipochekesha. Walipoondoka alikaa akishika tama. Tangu siku hiyo, mgeni akionekana mlangoni, yeye alitokea mlango wa nyuma akaenda kukaa uani. Hata maneno yake yakapungua. Hakuisikia tena sauti yake mwenyewe, akawa na hofu kwamba pengine anapiga kelele, pengine ananong'ona, hivyo akabaki na "ndiyo", "hapana" na "kula basi". Kinyozi, mtu wa soga, sasa akawa anakula chakula chake kikiwa moto.

Ua wenyewe haukuwa mkubwa. Kulikuwa na karo la kufulia, bomba lililodondosha maji siku zote ingawa Kinyozi aliapa kulitengeneza, kamba mbili za kuanikia, na mpapai mmoja uliopinda kuelekea kwa jirani. Upande mmoja ukuta wa matofali uliwatenga na uwanja wa Bi Vifaranga, mjane mfuga kuku mwenye sauti ya kutikisa mabati. Nyuma kabisa lilisimama bomba refu la moshi la kiwanda cha mikate. Bi Simu aliweka kigoda chake ukutani, akaegemea, akakaa hapo akitazama miguu yake.

Aliyekuja kumtikisa alikuwa mdogo wake, shemeji yake Kinyozi, mpiga picha wa harusi, mtu wa mashati ya maua na utani usio na breki. Alifika Jumapili moja na begi lake la kamera, akachungulia uani, akarudi kwa Kinyozi.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu? Amekauka kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa dirishani."

Kinyozi alitaka kujibu kwa utani kama kawaida yao, akashindwa. Shemeji akaona. Alitoka uani akachutama karibu na dada yake, na bila kusema neno akamwekea mikononi kamera yenye lenzi ndefu. Kisha akanyoosha kidole: chini ya bomba, njiwa alikuwa akinywa maji ya matone.

Bi Simu aliweka jicho. Akakaa hivyo kwa muda, bila kutikisika. Baadaye alimweleza mumewe kwamba aliona kila unyoya wa shingo, wa kijivu ukiingia kwenye wa zambarau, na jicho jekundu likimtazama kana kwamba wanafahamiana. Njiwa akaruka. Bi Simu akabonyeza.

Walipoangalia kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, kulikuwa na picha nzuri sana ya bomba.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Ameshakwenda kwao!" Shemeji alivunjika mbavu kwa kicheko. "Ndege akiruka hakungoji, dada. Yeye si bibi harusi."

"Nionyeshe tena."

Ilikuwa sentensi fupi, lakini Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, alijua mkewe hajaomba kitu chochote tangu homa ile. Jioni Shemeji aliondoka bila kamera. Alidai ni kuukuu, na kwamba harusi za siku hizi zinataka kamera inayong'aa kuliko maharusi.

Basi ikaanza kazi. Na ilikuwa kazi kweli, kwa sababu kumpiga picha ndege aliyetua si lolote, lakini ndege anayeruka anataka mtu ainue kichwa, ageuke, afuate kwa macho kitu kinachokwenda kasi. Yaani anataka mambo yaleyale yaliyokuwa yakimwangusha Bi Simu. Siku za kwanza alipiga picha za anga tupu, za nusu mkia, za kivuli ukutani. Alimwinulia shomoro lenzi, dunia ikazunguka, akashika kamba ya nguo asianguke. Mara moja aling'oa kamba nzima, mashuka yakamfunika, na Kinyozi alipokimbia kumwokoa akamkuta chini ya shuka, kamera ameikumbatia kama mtoto, anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa kupita kiasi, kwa kuwa hakujisikia. Kinyozi aliketi naye pale chini kwenye maji ya sabuni, wakacheka wote.

Akatafuta mbinu. Alitandika uani godoro kuukuu la wageni, akawa analala chali, maana aliyelala hawezi kuanguka. Akiwa chali aliwafuata mbayuwayu waliokuwa wakizunguka lile bomba la mikate, kushoto na kulia, kushoto na kulia, macho yamekaza, kichwa kikigeuka. Kinyozi alimtazama kupitia dirisha la jikoni asubuhi moja na ndipo ikamjia: lilikuwa zoezi la dole gumba, lilelile, ila sasa dole lilikuwa na mabawa. Hakumwambia. Aliogopa akiambiwa ataliacha.

Baada ya majuma kadhaa aliliacha godoro, akakaa kigodani. Kisha akasimama, mgongo ukutani. Kisha akasimama hatua moja mbali na ukuta, miguu ameipanua kama mbeba mizigo, na kiuno ndicho kilichogeuka badala ya shingo. Akajifunza tabia za ndege kama alivyojua zamani tabia za wapiga simu. Alijua kwamba ndege huondoka akielekea upepo unakotoka. Alijua kwamba huinama mbele kidogo kabla ya kuruka, na kwamba ndege mkubwa mara nyingi hujisaidia kwanza ndipo aondoke, kupunguza mzigo.

"Kwa hiyo mimi nangoja kinyesi," alimweleza mumewe siku moja, uso mkavu kabisa. "Wengine wanangoja maua kuchanua."

Picha zikaanza kuja. Shomoro akiwa hewani amekunja mabawa, mviringo kama kitufe. Njiwa akitua, mkia umefunguka wote, mwanga wa jua unapita kati ya manyoya. Kunguru akigeuka ubavu, mdomoni ana kipande cha papai. Kinyozi alizitazama usiku usingizi ukimkataa, na kila mara alishikwa na mshangao uleule: kumbe vitu hivi vyote vilikuwa vikipita juu ya kichwa chake, naye akipita chini yake na mfuko wa mkate.

Haikwenda shwari yote. Asubuhi moja kibandani, wateja wakiwa wamejaa benchi zima, Bi Vifaranga aliingia kama upepo.

"Kinyozi! Mwambie mkeo aache kunipiga picha!"

Benchi zima likageuka.

"Picha gani, jirani?"

"Nikifua, ananilenga. Nikiwalisha kuku, ananilenga. Jana nilikuwa na kanga moja tu, ile mashine yake ndefu ikachomoza juu ya ukuta! Mimi nina wajukuu!"

Kinyozi alihisi masikio yakiwaka. Wateja walikuwa wakitazama dari, mabega yanawatetemeka. Mchana aliporudi nyumbani alimweleza mkewe, akidhani ataudhika na kuacha. Bi Simu alichukua kamera, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango ambao hakuwa ameutumia kwa miezi, akaenda kubisha kwa jirani. Kinyozi akamfuata nyuma, roho juu.

Walikaa wanawake hao wawili kwenye ngazi ya jikoni. Bi Simu alimwonyesha picha moja baada ya nyingine: mbingu, mkia, mbingu, bawa, mbingu. Bi Vifaranga alitazama amekunja uso, hadi ikaja picha ya jogoo mwekundu akiruka kutoka ukutani, shingo imenyooka, mabawa yamefunguka, kucha mbele, vumbi la dhahabu limemzunguka.

"Huyu ni nani?"

Bi Simu alisoma midomo. "Ni wako."

"Huyu? Huyu mvivu wangu?" Bi Vifaranga alimtazama jogoo aliyekuwa akichakura karibu na ndoo, akarudi kwenye picha, akarudi kwa jogoo. "Toba! Mbona hajawahi kuniambia?"

Tangu hapo waliketi pamoja jioni nyingi. Bi Vifaranga alikuwa mtu wa kufaa kwa asiyesikia: uso wake ulisema kila kitu kabla mdomo haujafunguka.

Mwewe alitokea wakati wa upepo mkavu. Alikuwa na desturi ya kuzunguka juu ya mtaa, akitelemka kwa duara, na kila alipoonekana Bi Vifaranga alipiga sufuria kwa mwiko na kumtukania ukoo. Bi Simu alimpenda. Mwewe huelea, hana pupa kama mbayuwayu, na alimpata vizuri mara nyingi. Ila katika kila picha kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, unatoka mguuni unakwenda kwenye bawa. Alidhani ni uchafu wa lenzi, akaisafisha. Kwa njiwa mstari haukuwepo. Kwa kunguru haukuwepo. Kwa mwewe, ulikuwepo.

"Angalia," alimwambia mumewe.

"Sioni kitu."

Akaikuza picha hadi mguu ukajaa kioo. Kinyozi akaona: uzi wa nailoni, aina ya uzi wa kuvulia samaki, umejisokota kwenye mguu, umepita chini ya bawa, kisha kipande kirefu kinaning'inia nyuma yake. Mguu ulikuwa umevimba.

"Anaruka na kamba," Bi Simu alisema. "Siku moja itashika mahali."

Alimpigia picha kila alipopita, na picha zilionyesha bawa likizidi kuvutwa ndani. Alimwonyesha Bi Vifaranga, ambaye alizitazama kwa makini halafu akaurudisha uso wake mbele ya rafiki yake ili asomwe vizuri.

"Na afe. Amekula vifaranga wangu saba."

"Ulisema watano."

"Wawili nilikuwa sijawahesabu!"

Ilikuwa katikati ya asubuhi, Kinyozi amemnyoa dereva wa lori nusu ya kichwa, Bi Vifaranga alipotokea mlangoni akihema.

"Kinyozi, ngazi! Lete ngazi! Yule mwizi amenaswa kwenye antena yangu!"

"Si ulitaka afe?"

"Afe kwingine! Asifie juu ya nyumba yangu akinitazama hivyo! Na mkeo anataka kupanda!"

Kinyozi alitupa mashine ya kunyolea, akanyakua mkasi, akatoka mbio. Dereva wa lori alimfuata na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande mwingine kichaka. Njiani waliazima ngazi ya kiwanda cha mikate.

Juu ya paa la mabati mwewe alikuwa akining'inia kwenye antena kichwa chini, anapiga bawa moja, jingine limefungwa. Kila alipopiga, uzi ulikaza zaidi. Bi Simu alikuwa chini, mkono ameunyoosha.

"Nipe mkasi."

Kinyozi alisimama mbele yake. "Huwezi, Mama. Kwenye ngazi utaanguka."

Bi Simu alijua ni kweli. Kinyozi alimwona akiujua ukweli huo na kuuchukia. Lakini ukweli mwingine, uliojulikana mtaa mzima, ni kwamba Kinyozi mwenyewe aliogopa urefu kiasi cha kuita mtu wa kumbadilishia taa ya jikoni. Alitazama ngazi. Dereva wa lori akaikumbatia ngazi kwa mikono yake minene na kusema, "Panda, mzee. Mimi nimeshika lori la tani kumi, sitashindwa na wewe."

"Panda," Bi Simu alisema. "Mimi nitakuwa macho yako." Akainua kamera.

Bi Vifaranga alimtupia Kinyozi taulo. "Mfunike kichwa kwanza. Akiwa gizani hutulia, sawa na kuku tu. Na usiogope mdomo, ogopa kucha!"

Kinyozi alipanda macho yamefumbwa nusu. Mabati yalikuwa ya moto, yakilia chini ya magoti yake. Alitambaa. Alimtupia ndege taulo, akakosa, akatupa tena, na mwewe akatulia ghafla, mzito, akihema chini ya kitambaa. Sasa Kinyozi alitafuta uzi asiuone. Jua lilimpiga machoni, jasho lilimtiririka, na kila alipogusa palikaza.

Ndipo sauti ikaja kutoka chini.

"Usivute. Uzi unaanzia mguu wa kulia, lakini hapo usiguse bado. Peleka mkono wako wa kushoto juu kidogo. Juu tena. Hapo. Sasa, ukikata hapo bawa litafunguka kwa nguvu, kwa hiyo shika bawa kwanza."

Ilikuwa ile sauti. Tulivu, isiyo na papara, wala kubwa wala ndogo, ya kazini. Kinyozi hakuwa ameisikia tangu homa, akashika bawa kama alivyoambiwa. Alitaka kumjibu, akakumbuka hatasikia, akainua kidole gumba juu ya kichwa chake. Kutoka chini Bi Simu alikiona kupitia lenzi.

"Vizuri. Kata."

Akakata. Bawa likafunguka, likamzaba kofi la uso.

"Sasa kuna uzi wa pili, unapita nyuma ya antena. Siuoni vizuri, ngoja nisogee." Akasogea kinyumenyume katika uwanja wa kuku, macho juu, kichwa kikigeuka, vifaranga wakitawanyika miguuni pake. "Tafadhali subiri, usikate simu."

Bi Vifaranga alishika mdomo. Dereva wa lori aliinamisha kichwa chake cha nusu kwenye ngazi na ngazi ikaanza kutetemeka kwa kicheko. Huko juu, kifudifudi juu ya mabati ya moto, na mwewe kifuani, Kinyozi alicheka hadi machozi yakachanganyika na jasho. Bi Simu peke yake hakujua amesema nini.

"Mnacheka nini? Mguu sasa. Taratibu. Uzi umeingia kwenye nyama, uinue kwa ncha ya mkasi."

Alikata, akainua, akakata. Uzi ukatoka vipande vipande, mwingine na damu. Kilipokwisha cha mwisho aliondoa taulo, na mwewe akasimama juu ya paa mguu mmoja ameukunja, akamtazama kwa jicho la njano kama mteja asiyependezwa na alivyonyolewa. Hawakutikisika, si mtu wala ndege. Kisha mwewe akainama mbele, akajisaidia kwenye suruali ya Kinyozi, naye Kinyozi akarudi nyuma akitafuta ngazi kwa mguu.

"Anaondoka!" Bi Simu akapaza sauti.

Na kweli akaondoka. Alianguka ukingoni mwa paa, wote roho juu, halafu mabawa yote mawili yakafunguka, mapana, sawasawa, akapita chini juu ya mpapai na kupanda polepole, duara baada ya duara, mpaka bomba la mikate likawa chini yake.

"Umeipata?" Bi Vifaranga akamgeukia Bi Simu. "Sema umeipata hiyo!"

Kamera ilikuwa ikining'inia kifuani kwake. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye ngazi, kando ya ile ya dereva.

"Sikupiga," alisema. "Mume wangu alikuwa anashuka."

Kinyozi alipogusa ardhi alisimama mbele ya mkewe kwenye mwanga. Alimwambia, midomo ikitamka polepole, kwamba amesikia sauti yake. Bi Simu akamtazama kama asiyeelewa, akamwuliza ilikuwaje, kubwa au ndogo. "Ilikuwa yako," Kinyozi alisema. Akamwambia na lile neno la "usikate simu". Bi Simu alifunika uso kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hadi alipoifungua na wakaona ni vyote.

Habari zikaenea, kwa sababu dereva wa lori aliyepita mji mzima na nusu ya nywele aliulizwa na kila mtu, naye hakuwa bahili wa kutia chumvi. Kwenye masimulizi yake mwewe akawa na ukubwa wa mbuzi. Kinyozi akazibandika picha za mkewe kibandani, ukuta mzima kuanzia kioo hadi mlangoni, na watu waliokuja kunyolewa walikaa wakiinua shingo hata zamu yao ikawapita. Shemeji alikuja na shati jipya la maua, akazizunguka picha zote kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwishowe alisema yeye hupiga watu waliosimama, wamepambwa, wameambiwa watabasamu, na bado zingine zinatoka mbaya. Alimbusu dada yake paji la uso. Aliacha na betri ya akiba.

Bi Simu hakupona masikio. Hakuna aliyetegemea. Lakini alirudi kuzungumza. Akamwambia kila mgeni waziwazi: "Kaa upande huu, kwenye mwanga, usile maneno," na aliyekula maneno alirudishwa nyuma kama mpiga simu aliyekosea namba. Mwewe alionekana tena baada ya muda, akichechemea kila alipotua lakini angani mzima kabisa, na Bi Vifaranga akaendelea kumpigia sufuria, ingawa Kinyozi aliapa kwamba siku hizi anapiga polepole.

Kisha ikafika asubuhi moja mwanzoni mwa mvua. Kinyozi alikuwa akifunga viatu aende kazini aliposikia mkewe akiita uani, akiwaita wote, yeye, jirani, hata wapika mikate wa nyuma ya ukuta. Watu walitoka na unga mikononi. Hawakuona kitu. Bi Simu akanyoosha mkono juu, juu kabisa, walipozoea kutotazama, na hapo wakawaona: korongo, wengi wasiohesabika, weupe na weusi, wanapita kimya chini ya mawingu, mstari nyuma ya mstari.

Wapika mikate waliwatazama midomo wazi. Bi Simu alisimama katikati ya ua, mbali na ukuta, mbali na kamba, kichwa amekirudisha nyuma na kamera jichoni, akiwafuata walipokuwa wakivuka kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine. Alipogeuka aligeuka mzima mzima, taratibu, miguu ikihama yenyewe kwenye tope. Kinyozi alikuwa karibu, mikono tayari, kama alivyozoea. Hakuhitajika. Wa mwisho walipopotea nyuma ya paa, Bi Simu alishusha kamera, akaangalia kioo, akakunja uso kidogo.

"Wako mbali mno," alisema. "Kesho watapita tena. Nataka kigoda kihamie pale."

Akaingia ndani kuchaji betri, na Kinyozi akakibeba kigoda.